Udhu Usiokwisha: Barua Kutoka Kitengela



Barua tuliyoipokea juma hili imetoka mbali na bahari. Aliyeiandika ni dada yetu, mzaliwa wa Mombasa, aliyehamia Kitengela pamoja na mumewe kama walivyofanya jamaa wengi wa pwani waliofuata kazi Nairobi na kutafuta kiwanja cha bei nafuu nje ya jiji. Kwa idhini yake tutaeleza machache, na yale yanayoweza kumtambulisha tumeyaacha. Asema udhu wa alfajiri humchukua karibu saa nzima. Huosha mkono, akatilia shaka kama maji yamefika kiwikoni, akarudia. Akifika mguuni hukumbuka kwamba hakuwa na yakini ya nia, akaanza upya. Akisimama juu ya mswala hukwama katika takbira, akaileta na kuikata mara kumi, mara ishirini, hadi jua huchomoza naye bado hajaingia katika sala. Mumewe sasa husimama mlangoni mwa choo ili amhesabie viungo. Mtoto wao wa miaka saba naye ameanza kuuliza kila anapotoka kujisaidia, "Mama, mimi ni safi?" Na mwisho wa barua ameandika jambo lililotufanya tuiweke kando mada ya mahari tuliyokuwa tumeitayarisha: kwamba kwa siku tatu mfululizo hakusali kabisa, kwa kuwa kuacha kulimpa pumziko ambalo kusali hakumpi.

Dada, umeandika kwa hofu kwamba tutakulaumu. Hatukulaumu. Ulilonalo lina jina, lina historia ndefu katika vitabu vya wanazuoni wetu, na lina tiba.

Jina lake ni waswasi. Kiswahili kililichukua neno hili kutoka Kiarabu, na katika matumizi ya kila siku likalegea hata "wasiwasi" likawa ni hofu yoyote ndogo: ya karo, ya mvua, ya mgeni aliyechelewa. Lakini kina bibi zetu wa pwani wasemapo kwamba fulani "ana waswasi wa maji" huwa hawakusudii hofu ya kawaida. Humkusudia mtu aliyeshikwa na shaka isiyoshiba majibu. Hospitalini maradhi haya huandikwa kwa herufi tatu, OCD, na maelezo yake ni mepesi kufahamika. Huja fikira isiyotakiwa, ikajilazimisha moyoni na kuleta dhiki kubwa. Mgonjwa akatenda kitendo ili aituze dhiki ile: akaosha, akarudia, akauliza, akahesabu. Dhiki hupungua kwa dakika chache, kisha hurudi ikiwa na nguvu zaidi, na kitendo nacho huongezeka. Tafiti za nchi nyingi zaonyesha kwamba kati ya mtu mmoja na watatu katika kila mia hupatwa na maradhi haya wakati fulani wa maisha yao, na mara nyingi huanza utotoni, katika balehe au mwanzoni mwa utu uzima.

Maradhi haya hayana dini. Hushika kile ambacho mtu anakithamini mno. Mama aliyejifungua juzi, akiwa bado katika arobaini yake, huweza kujiwa na taswira ya kumdhuru mwanawe, akaogopa hata kumshika wakati wa kumwogesha, ilhali hana chembe ya nia hiyo na kwa sababu hiyohiyo ndipo anapotetemeka. Mtu wa ibada hushikwa katika ibada. Wakristo walilijua jambo hili na wakaliita kwa neno la Kilatini lenye maana ya kijiwe kidogo chenye ncha, kama kile kinachoingia kiatuni kikamkera mwenye safari. Ignatius wa Loyola, muasisi wa shirika la Majesuiti, alipokuwa Manresa nchini Hispania mwaka 1522, aliungama dhambi zake tena na tena bila ya moyo wake kutulia, hadi akashawishika kujiua. Twalitaja hili kwa sababu dada yetu ameandika kwamba anaona ni yeye peke yake duniani.

Tukirudi kwetu, wa kwanza kulieleza kwa utaratibu wa kitabibu alikuwa Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria, yaani 934 Miladia. Katika kitabu chake juu ya maslahi ya miili na nafsi alitenga sehemu nzima kwa ajili ya fikira za waswasi, akazipambanua na huzuni, hofu na hasira. Watafiti wawili wa zama zetu, katika makala iliyochapishwa mwaka 2015, waliyalinganisha maelezo yake na vigezo wanavyotumia madaktari leo, wakaona yanakaribiana kwa namna ya kustaajabisha. Miaka zaidi ya elfu moja imepita, na bado kuna nyumba ambamo mgonjwa wa aina hii huambiwa tu, "Acha ujinga, omba dua."

Sasa tuitazame Kitengela yenyewe, kwani mahali huipa shaka chakula chake.

Kitengela ni mji wa njia ya Namanga, kilomita thelathini hivi kusini ya Nairobi, na sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi wake kuwa 154,436. Ni nchi kame, kama ilivyo sehemu kubwa ya Kajiado. Kwa waliozoea kisima cha uani Kisauni au birika la msikiti lililojaa pomoni, mabadiliko haya ni makubwa. Maji ya bomba hayafiki kila nyumba. Watu hununua kwa boza au kwa mtungi wa lita 20 unaoletwa na mkokoteni, na maji ya visima virefu mara nyingi huwa na ladha ya chumvi. Mwenye waswasi akiishi hapa huteseka mara mbili: hutaka maji mengi kuliko wenzake, na kila tone analolimwaga limelipiwa kutoka katika chakula cha watoto.

Na tulipime jambo hili kwa kipimo cha Mtume (S.A.W.). Imepokewa kwa Anas bin Malik, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ni viganja viwili vya mtu wa wastani vikijazwa, kiasi cha theluthi mbili za lita kwa hesabu ya wengi. Mtungi mmoja wa Kitengela, basi, ungetosha udhu thelathini. Dada yetu ameandika kwamba yeye humaliza mtungi na nusu kwa udhu mmoja.

Hiyo chumvi ya kisima isimtie mtu shaka. Maji yaliyobadilika kwa ardhi yanamokaa hubaki twahara na hutwaharisha. Wala vumbi la njiani lisimtie shaka. Tunajua vyema kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tumelelewa nayo, kinyesi na mkojo wa wanyama ni najisi, na kwamba Kitengela ng'ombe na mbuzi hupita mbele ya duka la mkate. Lakini mafakihi haohao wa Kishafii wamesema kuwa tope la njiani ambalo ni vigumu kujikinga nalo husamehewa. Na mbwa je? Mbwa wa wachungaji ni wengi katika nyanda zile, na dada yetu asema mmoja alimgusa buibui lake sokoni, akalifua mara saba kwa mchanga, kisha akayafua yaliyoanikwa karibu nalo, kisha akaufua mkono uliolifua. Hukumu ya kuosha mara saba ni sahihi katika madhehebu yetu, lakini sharti lake ni unyevu. Kikavu kikigusa kikavu hakihamishi najisi. Mbwa mkavu akipita na kuligusa buibui kavu, hapana cha kuosha. Na kama hujui alikuwa mkavu au ana maji, asili ya vitu ni twahara mpaka uthibitishe kinyume chake.

Kuna kisa cha Sayyidna Umar ambacho laiti kingesomwa katika kila darasa la tohara. Alikuwa safarini pamoja na Amr bin al-As, wakafika penye hodhi. Amr akataka kumuuliza mwenye hodhi iwapo wanyama mwitu huja kunywa pale. Umar akamkataza mwenye hodhi asiwajibu. Umar huyuhuyu ambaye hakuna awezaye kumtuhumu kwa ulegevu wa dini ndiye aliyekataa kuchimbua.

Basi hapa ndipo unapopatikana mpaka baina ya ucha Mungu na waswasi, mpaka ambao wengi huuchanganya na kumsifu mgonjwa kwa ugonjwa wake. Mcha Mungu huacha lenye shaka panapokuwa na alama ya shaka: kaona, kanusa, kaambiwa na mtu mwaminifu. Mwenye waswasi hana alama yoyote. Ana swali tu, "Je, huenda?" Na ndiyo maana Mtume (S.A.W.) alipoelezwa habari za mtu anayedhani kwamba udhu wake umetenguka akiwa katika sala, alielekeza kwamba asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Juu ya hadithi hii na nyinginezo mafakihi wamejenga kanuni kubwa katika kanuni za fiqhi, kwamba la yakini haliondoshwi na la shaka. Ulitawadha kwa yakini? Basi una udhu.

Walioielewa hali hii zaidi ni wanazuoni walioishi nayo miongoni mwa wanafunzi wao. Sheikh Abu Muhammad al-Juwayni, baba yake Imamul Haramayn, aliandika juu ya waswasi kitabu kizima katika karne ya tano Hijria. Katika vitabu vya Kishafii hunukuliwa kauli kwamba asili ya waswasi ni moja katika mbili: kutoyajua mapito ya sharia, au upungufu uliomo katika akili. Kauli hii ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana, maana ndani yake zimo tiba mbili. Asiyejua hufunzwa, naye hutulia. Lakini aliyekwisha funzwa, akaelewa, akayahifadhi majibu yote na bado mkono wake unarudi bombani, huyo hahitaji darasa jingine. Anahitaji tabibu. Dada yetu wa Kitengela ni wa kundi la pili: barua yake yataja hadithi nyingi kuliko tulizozitaja sisi.

Hunukuliwa pia kisa cha Ibn Aqil wa Baghdad, aliyefariki mwaka 513 Hijria. Mtu alimwambia kwamba hujizamisha majini mara nyingi naye hana hakika kama josho lake limesihi. Ibn Aqil akamjibu kwamba aende zake, sala haimpasi, kwa kuwa mwendawazimu ameondolewa kalamu, na ni nani mwendawazimu kuliko azamaye majini akashuku kama amelowa? Jibu hili huchekesha barazani, na huenda lilimfaa aliyejibiwa. Sisi hatuoni kwamba lafaa kunukuliwa mbele ya mgonjwa. Mwenye waswasi ana akili timamu, ajua kwamba shaka yake haina msingi, na kumcheka humfundisha kujificha tu. Wagonjwa wengi wa maradhi haya huyaficha kwa miaka kabla ya kumwambia yeyote.

Jibu linalotupendeza ni la Sheikh Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 Hijria, ambaye Tuhfa yake ni nguzo kwa Mashafii wa pwani yetu. Aliulizwa kama waswasi una dawa. Akasema dawa yake yenye manufaa ni kuupa mgongo moja kwa moja, hata kama moyo unasitasita. Kwani asiyeugeukia hauthibiti kwake bali huondoka baada ya muda mchache, na anayeusikiliza huzidi hadi ukamfikisha katika hali ya wendawazimu. Wasomaji wetu watulie kidogo hapa. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer, akifanya kazi London, alieleza namna alivyowatibu wagonjwa wawili wa maradhi haya kwa kuwaweka mbele ya kile wanachokiogopa na kuwazuia wasitende vitendo vyao vya kujituliza, na wakapata nafuu kubwa. Tangu hapo njia hiyo ikaboreshwa na kujaribiwa sana, na leo ndiyo tiba ya mazungumzo inayotangulizwa kwa maradhi haya. Sheikh na mwanasaikolojia, wakiwa wametenganishwa na karne nne, wameelekeza mlango mmoja.

Lakini ipo tofauti ambayo hatupendi kuificha. Kumwambia mgonjwa "upe mgongo" ni rahisi kwa asemaye. Daktari humfunza namna ya kuugeuza huo mgongo, hatua kwa hatua, akianza na jepesi. Kwa mfano, mgonjwa hupewa chombo chenye maji ya kutosha udhu mmoja tu. Hutawadha kwacho, kila kiungo kwa idadi ya sunna bila kuzidisha, na maji yakiisha hutoka chooni hata kama moyo unapiga kelele kwamba kisigino kimebaki kikavu. Hakuna kurudi, hakuna kumuuliza mume, hakuna kujikagua kwa kidole. Dhiki itapanda, na hapo ndipo palipo na kazi yote: kuiacha ipande, kusali nayo, na kushuhudia kwamba inashuka yenyewe bila ya maji. Mara ya kwanza huenda ikachukua saa. Baada ya majuma kadhaa ya kurudia mazoezi, huwa dakika. Wala asidhani mtu kwamba tiba hii itamtaka Muislamu asali na najisi au aache udhu. Hutakiwa kufanya kile afanyacho Muislamu wa kawaida, mara moja, basi. Ikiwa mtaalamu hajui mpaka wa sharia katika jambo, mgonjwa na aende na swali hilo kwa sheikh mmoja anayemwamini, apate jibu moja, ampelekee mtaalamu. Wapo wanazuoni wa Kishafii waliosema kwamba aliyesibiwa na waswasi ni bora ashike kauli iliyo nyepesi, ili asizidiwe akatoka katika sharia kabisa. Siku tatu bila ya sala ndizo walizoziogopa.

Dawa za hospitali nazo zipo. Ni zile zinazofanya kazi juu ya kemikali ya ubongo iitwayo serotonini, kama vile fluoksetini na sertralini, na ile ya zamani zaidi, klomipramini, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya maradhi haya hasa. Hazileti nafuu kwa siku mbili. Mara nyingi huhitaji majuma manane hadi kumi na mawili, na kwa kipimo cha juu kuliko kile cha sonona, na wengi huziacha katika juma la tatu wakisema hazifai. Mwezi wa Ramadhani haumlazimishi mtu kuziacha, kwani zinazomezwa mara moja kwa siku zaweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku. Lakini mpango huo apangiwe na daktari, na mwenye mimba au anayenyonyesha aseme mapema.

Wapi pa kwenda? Kwa aliye Kitengela, mlango wa karibu ni hospitali ya kaunti ndogo palepale mjini, au hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Kajiado mjini, ambako mgonjwa huweza kutazamwa na kuandikiwa barua ya rufaa. Madaktari bingwa wa akili wa Kenya wengi wao wako Nairobi na miji mingine michache, kwa hivyo huenda akaelekezwa Mathari, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1910 na ambayo jina lake bado hutumiwa na watu kama tusi. Tusi hilo limewaweka wagonjwa wengi nyumbani kuliko umbali wa njia. Mathari ina kliniki ambapo mtu huja asubuhi akaonana na daktari na kurudi kwake mchana. Kwa wasomaji wetu wa Mombasa, Port Reitz hutoa huduma kama hiyo. Mwambieni daktari waziwazi yanayotokea, kwa idadi: mara ngapi, dakika ngapi, maji kiasi gani. Ukisema "nina wasiwasi" tu, huenda ukapewa dawa ya usingizi.

Wapo watakaouliza, je, si kazi ya shetani hii? Kurani imeutaja waswasi katika sura ya mwisho, na Uthman bin Abil As alipomshitakia Mtume (S.A.W.) kuhusu kuvurugiwa sala, alifundishwa kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na kutema mate kidogo kushotoni mara tatu. Tunayaamini hayo. Na tunaamini pia kwamba homa ina dua zake na bado tunakwenda kupimwa malaria. Ruqya ya kisunna, isomwe. Tunachokitahadharisha ni ruqya kugeuka kuwa kitendo kingine cha kurudiwa: mgonjwa akasomewa, akatilia shaka kama msomaji aliruka aya, akataka asomewe tena. Tumewaona wanaozunguka kwa wasomaji kutoka Malindi hadi Lunga Lunga, na kila kituo huacha fedha na kurudi na shaka mpya. Mwenye kuwaambia kwamba ana jini na asimeze dawa, mwepukeni.

Kuna na zile fikira ambazo watu huona haya kuziandika: matusi dhidi ya Mwenyezi Mungu yanayojileta mtu akiwa amesujudu. Masahaba walimwendea Mtume (S.A.W.) wakisema kwamba hujiwa na mambo nafsini mwao ambayo ni makubwa mno kwao kuyatamka. Aliwaambia kwamba kule kuyachukia ndiyo imani iliyo wazi. Katika hadithi nyingine tumefahamishwa kwamba umma huu umesamehewa yanayozungumzwa na nafsi maadamu hayajatamkwa wala kutendwa. Anayelia kwa sababu ya fikira hizo asijihukumu kuwa ametoka katika dini, na asirudie shahada mara mia kwa siku.

Tuseme neno na jamaa wa nyumba, kwani hapa ndipo wema unapodhuru. Mume anayesimama mlangoni kuhesabu viungo afanya hivyo kwa mapenzi, na kila anapojibu "ndiyo, umeosha," amempa mkewe dakika tano za raha na kumwongezea siku ya maradhi. Madaktari hushauri kwamba jamaa wajitoe polepole katika vitendo hivyo, kwa makubaliano na mgonjwa, si kwa ghafla na si kwa hasira. Aseme, "Bibi, tulikubaliana swali hili nisilijibu. Nitakaa nawe hapa mpaka dhiki ipungue." Mavyaa asilifue tena vazi lililokwisha fuliwa ili kumridhisha mkaza mwana. Na yule mtoto wa miaka saba asiambiwe wewe ni safi au si safi. Afunzwe kutamba vizuri mara moja, asifiwe, atumwe akacheze.

Na walimu wetu wa madrasa, kwa heshima zote. Hadithi ya aliyeadhibiwa kaburini kwa kutojikinga na mkojo ni sahihi, na ni haki kufundishwa. Lakini iwapo mtoto wa miaka minane huisikia hiyo mara ishirini kwa mwaka, na hadithi ya mudi moja hajaisikia hata mara moja, tumemlea vipi? Msichana anapobaleghe hufunzwa kwamba unywele mmoja ukibaki mkavu josho limeharibika. Afunzwe papo hapo kwamba dhana ya kufika maji yatosha, na kwamba bafuni si mahali pa kukaa hadi magharibi. Mtoto mwenye mwelekeo wa maradhi haya yumo katika darasa lako, Ustadh, na yeye ndiye anayekusikiliza kuliko wote.

Limebaki la talaka, nasi hulipata katika barua nyingi kuliko watu wanavyodhani, ingawa dada yetu wa Kitengela hakuliuliza. Ni la mume anayeamka usiku akimwambia mkewe kwamba huenda amemwacha: alisema "nenda" alipokuwa akimfungulia mlango, na hajui alinuia nini, au neno lilimpita moyoni na hajui kama ulimi ulitikisika. Mke huyo huishi juu ya makaa. Leo ni mke, kesho yuko edani, keshokutwa ni mke tena, kutegemea sheikh aliyepigiwa simu. Imamu Bukhari amemnukuu sahaba Uqba bin Amir kwamba talaka ya mwenye waswasi haipiti, na mafakihi wameendelea kulieleza hilo: ndoa ni yakini, na shaka haiivunji. Mke asikubali kuhamishwa nyumbani kwa shaka ya namna hii, na asiruhusu mumewe awaulize masheikh saba. Aende na mumewe kwa kadhi au sheikh mmoja anayeyajua maradhi haya, waeleze kwamba ni ya kurudia, jibu liandikwe kwenye karatasi na liwekwe pamoja na cheti cha ndoa. Siku swali likirudi, na litarudi, amwonyeshe karatasi wala asilijadili, kisha amkumbushe tarehe yake ya kliniki.

Mada ya mahari itatoka juma lijalo, inshaallah.